Uwezekano, Nasibu na Fungu: Uhakiki wa Lugha ya Hesabu ya Matukio Sahili katika Shule za Pemba

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha inayotumiwa kufundishia hesabu ya uwezekano wa matukio sahili, kwa kuichukua Pemba kuwa mahali pa kuitazamia. Inachunguza umbo na maana ya neno "uwezekano" pamoja na maneno yanayoshindana nalo, yaani bahati, nafasi na nasibu. Hoja yake ni kwamba tatizo la mada hii kwa mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili si uhaba wa maneno. Tatizo ni uteuzi wa istilahi uliofuata neno la kigeni na kuuacha kando uga wa maneno ya mafungu ambao Kiswahili cha pwani kimekuwa nao tangu zamani: nusu, robo, thumuni, thuluthi na sudusi. Maneno hayo ndiyo lugha ya mirathi, na mtoto wa Pemba huyasikia nyumbani na chuoni kabla hajafika katika mada ya uwezekano. Makala inapendekeza namna ya kuyarudisha darasani bila kuliondoa neno "uwezekano" ambalo limekwisha kuenea.

Istilahi muhimu: uwezekano, nasibu, fungu, tukio sahili, istilahi za hisabati, Pemba

1.0 Utangulizi

Hesabu ya uwezekano ni miongoni mwa mada chache za hisabati ya shule ambazo ugumu wake huanzia katika lugha kabla haujafika katika namba. Kuzidisha na kugawanya huweza kufanywa kwa alama peke yake, lakini swali la uwezekano sharti lisimuliwe: mtu anarusha kitu, au anachomoa kitu kimoja miongoni mwa vingi, naye haangalii. Kila neno katika simulizi hiyo fupi lina kazi yake, na likibadilika moja, jibu nalo hubadilika. Kwa sababu hiyo mada hii inamhusu mwanaisimu na mhakiki wa matini kama inavyomhusu mwanahisabati.

Tukio sahili ni tokeo moja katika seti ya matokeo yote ya jaribio. Kwa kanuni iliyopewa sura yake maarufu na Pierre-Simon Laplace mwanzoni mwa karne ya 19, ikiwa matokeo yote yana nafasi sawa ya kutokea, uwezekano wa tukio ni idadi ya matokeo yanayolikidhi ikigawanywa kwa idadi ya matokeo yote. Dadu ina nyuso sita. Uso wenye alama nne ni mmoja. Jibu ni 1/6. Kugawanya huku hakumshindi mtoto wa shule ya msingi. Kinachomshinda mwanafunzi ni kujua kinachohesabiwa ni nini, nyuso sita zimeingiaje katika swali lililotaja uso mmoja tu, na hiyo 1/6 ni sehemu moja ya sita ya kitu gani. Maswali yote matatu ni ya maana ya maneno.

2.0 Mada Moja, Lugha Mbili

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza kwamba Hisabati na masomo ya Sayansi yafundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Katika shule za msingi za serikali za Tanzania Bara, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu 1967, na mpito wa kwenda Kiingereza hufanyika kidato cha kwanza. Katika muhtasari wa Hisabati wa sekondari uliotumika kwa miaka mingi, uwezekano uliwekwa kidato cha nne, mwaka wa mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania ambao watahiniwa wa Unguja, Pemba na Bara huufanya pamoja. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Micheweni au Mkoani hukutana na mada hii kwa Kiingereza, wakati maisha yake yote ya kukisia, kutarajia, kupata na kukosa ameyaishi kwa Kiswahili.

Tafiti za mradi wa LOITASA, ulioanza 2002 na kuzihusisha Tanzania na Afrika Kusini, zilikwisha kuonyesha gharama ya hali hiyo, na hakuna haja ya kuzirudia hapa. Lililo la kuhakikiwa ni dhana inayojificha nyuma ya mjadala huo: kwamba siku Kiswahili kitakaporuhusiwa, mada zote zitakuwa wazi zenyewe. Dhana hiyo si ya kuachiwa ipite hivihivi. Hata sasa mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili, na maelezo yake hutegemea istilahi zilizoko. Ikiwa istilahi hizo zimefumwa vibaya, kubadili lugha ya kitabu kutaihamisha shida kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Watetezi wa Kiswahili cha kufundishia wana wajibu wa kukihakiki Kiswahili chenyewe.

3.0 Uhakiki wa Neno "Uwezekano"

"Uwezekano" limetokana na kitenzi "weza", chenye maana ya kumudu au kuwa na nguvu ya kutenda. Kwa mnyambuliko limepatikana "wezekana", kama "patikana" na "onekana", na kutoka hapo nomino ya hali. Maana yake ya msingi, kwa hiyo, ni hali ya jambo kuweza kutendeka au kutokea. Maana hiyo ina majibu mawili tu: jambo linawezekana au haliwezekani. Linganisha sentensi hizi:

(1) Kuna uwezekano wa mvua kunyesha.
(2) Hakuna uwezekano wa mvua kunyesha.
(3) Uwezekano wa mvua kunyesha ni mkubwa.
(4) Uwezekano wa mvua kunyesha ni robo.

Sentensi ya (1) na ya (2) ni za kila siku, na zinajibu swali la ndiyo au siyo. Ya (3) inaongeza ukubwa, lakini ni ukubwa usio na kipimo, kama mtu anavyosema matumaini yake ni makubwa. Ya (4) ni sahihi kisarufi, ila msikilizaji wa kawaida atauliza: robo ya nini? Swali hilo si la ujinga. Linaonyesha kwamba neno "uwezekano" halibebi ndani yake wazo la kizima kinachogawika, nalo ndilo wazo ambalo hesabu yote imejengwa juu yake.

Ugumu wa pili uko katika ukanushi. Katika hisabati, kila tukio lina kijalizo chake: ikiwa uwezekano wa kupata sita ni 1/6, uwezekano wa kutopata sita ni 5/6. Mtu angetarajia kwamba kinyume cha neno linalotaja la kwanza kitaje la pili. Haiko hivyo. Kinyume cha "kuwezekana" ni "kutowezekana", nacho kinarudi moja kwa moja kwenye sifuri:

(5) Kupata saba kwa kurusha dadu moja hakuwezekani.
(6) Uwezekano wa kutopata sita ni 5/6.

Mwanafunzi anayesoma (5) na (6) katika ukurasa mmoja analazimika kujifunza kwamba "-to-" ya sentensi ya (6) inabakiza sehemu kubwa ya matokeo, wakati ukanushi wa sentensi ya (5) umefuta yote. Kirai "tukio lisilotokea" kina utata huohuo: huweza kumaanisha tukio ambalo safari hii halikutokea, na huweza kumaanisha tukio ambalo halitokei kamwe.

Ugumu wa tatu ni wa mtendaji. Kwa kuwa shina ni "weza", neno hubaki na harufu ya uwezo wa mtu. "Asha anaweza kupata sita" husikika kama sifa ya Asha, na mtoto huweza kudhani kwamba mrushaji hodari ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata. Hesabu ya matukio sahili inadai kinyume cha hayo: hodari na mzembe wako sawa mbele ya dadu isiyochezewa.

Haya hayasemwi ili kuwabeza walioliteua neno. Yumkini walitaka istilahi moja ya Kiswahili kwa istilahi moja ya kigeni, na "uwezekano" lilikuwa karibu. Lakini Kiswahili hutofautisha jambo linalowezekana na jambo linalotarajiwa, na uteuzi huo umeyafunika yote mawili kwa kifuniko kimoja.

4.0 Maneno Yanayoshindana

4.1 Bahati

"Bahati" ndilo neno la kwanza kumjia msemaji, na ndilo la kwanza kukataliwa. Bahati hupima mema na mabaya kwa jicho la anayepatwa: kuna bahati njema na bahati mbaya, na linapokuwa peke yake huelekea kwenye wema. Hesabu haina upande. Kitenzi chake, "kubahatisha", kimekwenda mbali zaidi, kwani sasa ni kujibu bila kujua, kama mtahiniwa anayechagua herufi kwa kukisia. Mwalimu anaposema "chagua kwa kubahatisha" akikusudia uteuzi usio na upendeleo, mwanafunzi husikia tabia aliyokatazwa katika chumba cha mtihani.

4.2 Nafasi

"Nafasi" ni neno zuri zaidi kuliko linavyodhaniwa. Lina picha ya mahali, na mahali huhesabika: "nafasi moja kati ya sita" ni kauli ambayo mtoto anaweza kuichora kwa miraba sita na kuipaka rangi mmoja. Linafaa hasa kwa sharti la kanuni, yaani matokeo "yenye nafasi sawa". Udhaifu wake ni kwamba katika matumizi mengine linamaanisha fursa, na fursa ni kitu cha kutafutwa. Ni vigumu kusema mgonjwa ana "nafasi" ya kufa.

4.3 Nasibu

Neno hili ndilo lenye historia inayofundisha. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ya msingi ni fungu: sehemu ya mtu katika kinachogawiwa. Katika Kiswahili maana imesogea kutoka kile unachogawiwa hadi namna kinavyokujia bila wewe kukipanga. Leo lina mizigo miwili. Katika "bahati nasibu" limefungwa pamoja na mchezo wa kutoa fedha kidogo kwa tamaa ya kupata nyingi. Katika lugha ya utafiti, "sampuli nasibu" ni sampuli iliyoteuliwa bila upendeleo. Mzigo wa pili umekuwa istilahi imara na haufai kuvurugwa: nasibu libaki kuwa sifa ya namna ya kuteua, lisifanywe jina la kipimo. Hata hivyo maana yake ya kale isisahaulike, kwa kuwa inaelekeza mahali ambapo kipimo kilipaswa kutafutwa.

Nje ya nomino hizi, Kiswahili kina ngazi kamili ya vielezi: nadra, labda, huenda, pengine, yumkini, aghalabu. "Pengine" limeundwa kutokana na mahali pengine au safari nyingine. "Aghalabu" limetoka katika wazo la wingi unaoshinda. Methali "dalili ya mvua ni mawingu" haisemi kwamba mawingu ni mvua. Inasema kwamba aonaye mawingu ana sababu ya kuanua karafuu zake uwanjani. Lugha yenye ngazi kama hii haiwezi kuambiwa kwamba haikuwahi kufikiria mambo yasiyo na hakika. Kilichokosekana ni daraja la kuivusha kutoka kwenye ngazi hiyo hadi kwenye namba.

5.0 Maneno Madogo Yenye Makosa Makubwa

Istilahi kuu zikishajadiliwa, mara nyingi wahakiki huishia hapo. Katika mada hii maneno madogo huharibu zaidi.

La kwanza ni "kwa" likilinganishwa na "kati ya". Chukua ganda la mikono lenye karafuu 15 na makonyo matano. Inaweza kusemwa:

(7) Karafuu ni tatu kwa konyo moja.
(8) Konyo ni moja kati ya kila vinne.

Sentensi ya (7) ni uwiano: inalinganisha sehemu na sehemu. Sentensi ya (8) inalinganisha sehemu na kizima. Mwanafunzi akiichukua (7) na kuandika uwezekano wa kuchomoa konyo kuwa 1/3, kosa lake si la kugawanya. Amesomewa "kwa" mahali palipohitaji "kati ya". Jibu sahihi ni 1/4, yaani robo. Kwa hiyo usomaji wa 1/6 kama "moja kwa sita" katika mada hii uachwe kabisa, na "moja kati ya sita" ushikiliwe.

La pili ni kirejeshi cha "-o-ote":

(9) Chukua karafuu yoyote.
(10) Chukua karafuu moja bila kuangalia wala kuchagua.

Kwa msemaji wa Kiswahili, (9) ni ruhusa ya kuchagua upendavyo, na huenda akachagua nono kuliko zote. Ya (10) ndiyo inayoeleza jaribio. Wapo wanaoandika "kiholela" au "ovyo", lakini maneno hayo yanahukumu tabia ya mtendaji kuwa mbaya, wakati jaribio nasibu linahitaji uangalifu mkubwa ili lisiwe na upendeleo. Mfano wenyewe wa karafuu na makonyo unahitaji tahadhari hiyo. Vidole huweza kuitambua karafuu yenye kichwa na konyo lisilo nacho, na hapo sharti la nafasi sawa huvunjika. Mwalimu anayeutumia mfano huu ataje kasoro hiyo, maana ni somo lenye faida kuliko mfano usio na kasoro.

La tatu ni wakati wa kitenzi. Swali linaloanza na "sarafu imerushwa" linasimulia jambo lililokwisha. Upande uliotokea upo, ila msomaji hajaambiwa. "Sarafu ingerushwa" linadokeza kwamba haitarushwa. Umbo linalofaa ni la "-ki-": "sarafu ikirushwa mara moja". Hilo huacha matokeo yote wazi, na ndiyo hali ambayo kanuni inaihitaji. Kiswahili kinalo umbo hilo tayari. Kinachotakiwa ni waandishi wa maswali kulitumia kwa kusudi.

6.0 Fungu: Hesabu Ambayo Mtoto Anayo

Katika mirathi ya Kiislamu mafungu yaliyotajwa katika Kurani ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Kiswahili cha pwani kiliyapokea yote kwa majina hayo. Katika jamii ya Pemba, ambayo karibu yote ni ya Waislamu, maneno haya hayaishi katika kamusi peke yake. Mke mwenye watoto na marehemu hupata thumuni; mama wa marehemu aliyeacha mtoto hupata sudusi. Mtoto huweza kuyasikia msibani, barazani na chuoni. Baadaye, shuleni, anapoulizwa uwezekano wa kupata nne kwa dadu, huambiwa jibu ni moja juu ya sita kwa lugha ya kigeni, wala hakuna anayemwambia kwamba hiyo ndiyo sudusi anayoijua.

Ulinganifu hauishii kwenye majina. Tuseme marehemu ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke ana thumuni, mama ana sudusi, na mtoto, kwa kuwa ni asaba, huchukua kinachobaki. Ili kukipata kinachobaki, mafungu mawili huwekwa juu ya asili moja, yaani 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Jumla ni 24 kati ya 24, yaani kizima. Huu ndio muundo wa hesabu ya matukio: matokeo yasiyoingiliana, yanayokimaliza kizima, jumla yake ikiwa 1, na kijalizo kikipatikana kwa kutoa. Neno "baki" la mirathi linaeleza kijalizo kwa uwazi ambao "kutowezekana" hakuna, kwani baki halifuti kitu. Linaonyesha kilichosalia na kinakokwenda.

Historia ya hisabati inaunga mkono mkabala huu. Al-Khwarizmi, katika kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9, alitenga sehemu kubwa kwa ajili ya maswali ya wasia na mirathi. Na barua za Blaise Pascal na Pierre de Fermat za 1654, ambazo huhesabiwa kuwa chimbuko la hesabu ya uwezekano, zilihusu swali la kugawana. Wachezaji wawili wameweka fedha na mchezo umekatizwa kabla ya mshindi kupatikana. Kila mmoja achukue fungu gani? Ikiwa mmoja alibakiza ushindi mmoja na mwenzake alibakiza miwili, wa kwanza anastahili robo tatu na wa pili robo. Mchezo ulikuwa wa kamari, lakini swali lilikuwa la mgawanyo wa haki. Fungu, basi, ni lango ambalo hata waanzilishi wa fani walilipitia.

Ulinganifu huu una mipaka, na mhakiki hana budi kuitaja. Kwanza, fungu la mirathi hupokewa. 1/6 ya dadu haimpi mtu sehemu ya sita ya chochote. Pili, mirathi ina kanuni ya auli. Mafungu yakizidi kizima, asili hupandishwa na kila mmoja akapunguziwa kwa kadiri yake. Mume mwenye nusu na dada wawili wa marehemu wenye thuluthi mbili hufanya 3/6 na 4/6, jumla 7/6, na mali hugawiwa kwa saba. Katika uwezekano jumla ya 7/6 haipunguzwi: ni dalili kwamba matokeo yameingiliana au yamehesabiwa mara mbili. Mwalimu asiyetaja tofauti hii atamjengea mwanafunzi kosa jipya.

Kiungo kati ya fungu linalopokewa na fungu la kutarajiwa kipo, nacho ni kura ya upatu. Wanawake sita wanacheza upatu, na wa kwanza kuchukua hupatikana kwa kura. Kabla vikaratasi havijafunguliwa, kila mmoja ana sudusi ya nafasi ya kwanza. Vikishafunguliwa, mmoja ana kizima na watano hawana kitu kwa zamu hiyo. Hapo mtoto huona kwa macho kwamba sudusi ilikuwa kipimo cha kutokujua kwao, haikuwa sehemu ya fedha. Neno "kura" lenyewe limekwenda hadi kwenye uchaguzi na kuisahau asili yake, lakini kwenye upatu bado lina maana ya zamani.

7.0 Vifaa vya Mifano

Mifano ya mada hii imerithiwa pamoja na vitabu: sarafu, dadu na karata. Si migeni kwa pwani. "Dadu", "karata" na "turufu" ni maneno yaliyotoka katika Kireno, pamoja na majina ya aina za karata: shupaza, kopa, uru na pau. Msemaji anayejua kwamba karata 52 zina kopa 13 anajua tayari kwamba kopa ni robo. Lakini vifaa hivi vimezungukwa na kivuli cha kamari, na wako wazazi ambao hawangependa kuviona darasani. Si kazi ya isimu kuwahukumu. Kazi yake ni kuonyesha kwamba mada haivitegemei, kwa kuwa kura ya upatu inabeba hesabu ileile bila kivuli hicho.

Sarafu nayo imetafsiriwa kwa uvivu. "Kichwa au mkia" ni kauli isiyoonekana kwenye fedha anayoishika mtoto. Sarafu ya shilingi 200 ina sura ya Mzee Abeid Amani Karume upande mmoja na simba upande wa pili. "Karume au simba" ni swali ambalo mtoto anaweza kulijibu kwa kuigeuza sarafu mkononi, na nafasi ni nusu kwa nusu.

Upo pia uzalendo wa mifano unaopotosha. Mwandishi anayetafuta mchezo wa kienyeji huweza kulikimbilia bao, lenye kete 64. Bao la kete halina nasibu ndani yake: mashimo yote yako wazi, na kila mtaji unategemea akili ya mchezaji. Kulitumia kuwa mfano wa jaribio nasibu ni kuwakosea wanaolicheza. Linafaa kwa kinyume chake, yaani kumwonyesha mwanafunzi mchezo ambao kanuni ya nafasi sawa haina kazi.

Inabaki hoja ya imani, ambayo mara nyingine hutajwa kama kikwazo. Kusema "Inshallah" si kutoa kiwango cha uwezekano, na kutoa kiwango cha uwezekano si kupingana na kadari. Kauli ya kwanza inamhusu mwenye kuamua. Ya pili inapima elimu ya asiyejua kitakachoamuliwa. Mvuvi wa Wete huzitumia zote mbili katika pumzi moja: hutaja riziki, kisha akachagua bamvua au maji mafu kwa uzoefu wake. Lugha yake haioni mgongano, na kitabu cha shule hakina sababu ya kuuzua.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu haupendekezi neno "uwezekano" litupwe. Limeenea mno, na istilahi iliyoenea ina haki zake. Kinachopendekezwa ni kuligawia kazi yake na kuyarejesha maneno mengine mahali pake. Uwezekano peke yake ubaki kwa jambo linaloweza kutokea. Namba iitwe "kiwango cha uwezekano", ili kizima na sehemu zake zionekane. Nasibu liwe sifa ya uteuzi, na "nafasi sawa" liwe sharti la kanuni. Kijalizo kielezwe kwa neno "baki". Sehemu zisomwe kwa "kati ya", na pale zinapolingana na mafungu ya mirathi zitajwe pia kwa majina yake: nusu, robo, thuluthi, sudusi, thumuni. La mwisho lahitaji uangalizi, kwani kwa wasemaji wengi limebaki kuwa jina la sarafu ya senti hamsini, na maana ya sehemu moja ya nane inafifia.

BAKIZA limekwisha kuchapisha kamusi la lahaja ya Kipemba, na Whiteley, katika kazi yake ya 1958, alikwisha kuzitaja lahaja za Pemba kwa wingi. Msamiati wa kukisia na kugawana katika lahaja hizo unastahili kukusanywa kabla istilahi mpya hazijaundwa mezani. Wakati huo mwalimu wa Pemba hana haja ya kusubiri sera. Anaposimama mbele ya 1/6 iliyoandikwa kwa Kiingereza, anaweza kuwaambia wanafunzi wake kwamba hiyo ni sudusi, fungu la mama, ila safari hii halijagawiwa bado. Watakaobaki na swali watauliza kwa nini halijagawiwa, na jibu la swali hilo ndilo somo lenyewe.